Bi Hafsa na Wageni wa Kusindikizwa

Ilikuwa mwaka 2019. Hapana, nakosea. Mwaka 2019 mumewe Bi Hafsa alikuwa bado hai, na ndiye aliyekuwa akiwachotea wageni maji ya kuoga. Ilikuwa 2022, kiangazi, wakati tumbaku inapoingia mjini kutoka Usoke.

Bi Hafsa alikuwa na nyumba ya wageni Gongoni, Tabora, vyumba sita, urithi wa baba yao, wake yeye na kaka yake Abasi. Mgeni analala, asubuhi anapata chai. Chai yenyewe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, karanga za kukaanga, na asali ya Ipole kwenye bakuli. Chai hakuna aliyewahi kuilalamikia. Walilalamikia miguu yake.

Maana mgeni akifunga mzigo, Bi Hafsa naye anajitanda kanga. Anachukua begi moja, mgeni atake asitake, wanatoka wote, wanapita msikitini, wanapita kwa mafundi cherehani, mpaka kona ya barabara ya stesheni. Pale anampa mkono, anamwombea njia, anarudi. Hapo ndipo mgeni ameondoka. Kwao, tangu misafara ya Ujiji, mtu anayetoka nyumbani peke yake ni mwizi, au ametoka kwa ugomvi.

Wageni wa siku hizi wakaandika kwenye simu zao. Mmoja: "Mwenye nyumba anatufuata barabarani." Mwingine: "Nilidhani anataka bakshishi."

Ndipo akaja Tobias, kijana wa kampuni ya utalii ya Dar es Salaam. Kampuni ilitafuta nyumba ya kulaza watu wanaofuata njia ya zamani ya misafara. Ingekubali, vyumba vingejaa kiangazi chote. Abasi alikwisha kusema: kampuni ikikataa, nyumba nzima anaigeuza ghala la tumbaku.

"Bi Hafsa," Tobias alisema, akimenya karanga, "shuka safi, neti safi. Ila hili la kusindikiza, acha."

"Niache nini?"

"Mgeni analipia utulivu, mama. Faragha."

"Faragha nimempa usiku kucha, na komeo kwa ndani. Nani alimgongea?"

Abasi akadakia, "We Hafsa, mdomo huo ndio utakaotulaza njaa! Sema ndiyo."

"Ndiyo, nimesikia," alisema Bi Hafsa. Na kweli alisikia. Kutii hakusema.

Kampuni ikamleta mkaguzi, mama mmoja mpole aitwaye Agnetha, alale usiku mmoja aone. Alilala, akala matobolwa, akaomba asali tena. Asubuhi Tobias akasimamisha gari mlangoni kabisa, makusudi, pasibaki hata hatua ya kusindikiza. Abasi alikuwa barazani, amemshika dada yake kiwiko.

"Leo utakaa," akamnong'oneza.

Bi Hafsa akamtoa mkono kama mtu anayejitoa mwiba. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaketi ubavuni mwa Agnetha, begi la mgeni akalipakata.

"Mama, shuka!" Tobias akageuka.

"Endesha. Utanishusha kona."

"Nitaita watu!"

"Waite. Watakuja kumuaga nao."

Agnetha akacheka mpaka akajifuta machozi. Tobias akaendesha, shingo imekakamaa. Kwenye kona Agnetha akashuka naye, akamshika mikono miwili.

"Mama yangu kule Igalula alikuwa hivihivi," alisema. "Ananifikisha mpaka kwenye treni, mimi namwonea aibu mbele ya wenzangu. Usiache, mama. Nakuomba usiache."

Bi Hafsa alirudi kwa miguu, kichwa juu, akamwambia kaka yake, "Tumepata."

Hawakupata. Tobias alipiga simu juma lililofuata: kampuni imekataa. Mkaguzi ameandika kwamba mwenyeji haheshimu faragha ya mgeni.

"Ameandika Agnetha mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Na jina lake hili hapa."

Bi Hafsa akakata simu, akaingia jikoni kuosha vikombe. Mtu angedhani yameisha. Lakini Abasi alipoleta mkokoteni wa marobota ya tumbaku, alimkuta dada yake amesimama katikati ya mlango.

"Kaka, dini imegawa. Vyumba vyako vinne, vyangu viwili. Vyako vijaze tumbaku mpaka darini. Robota likigusa changu, nalitupa kisimani."

"Nani atalala kwenye harufu hii? Utawasindikiza panya?"

"Wakiaga vizuri, nitawasindikiza."

Ndivyo nyumba ilivyo hadi leo. Vyumba viwili, wageni wanapiga chafya, na wengine wanaandika hilo pia kwenye simu zao. Bi Hafsa hajali. Na kwa kuwa wageni ni wachache na nafasi anayo, siku hizi haishii kwenye kona, anakufikisha stesheni, na anasimama pale hadi treni ianze kutembea. Nami amenifikisha.

Igalula nimepita, Dar es Salaam nimefika, na kila aliyewahi kufanya kazi na yule mkaguzi nimemuuliza, na bado nauliza: Agnetha alipatwa na nini, kati ya ile kona na meza yake ya kuandikia?