Mdoli Tuliompigia Magoti

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Naandika bila jina kwa sababu Gisenyi ni mji mdogo, na wengi wenu niliwafundishia watoto katekisimu.

Parokiani kwetu kuna desturi. Mtoto wa mwisho kubatizwa kabla ya Noeli ndiye anayelazwa pangoni kwenye misa ya mkesha, awe Yesu. Haangaliwi uzuri, haulizwi baba yake ni nani. Msimamizi wa pango nilikuwa mimi. Na kila Jumamosi niliwaambia watoto wa mafundisho: Mungu hakuigiza kuwa mtu, alikuwa mtu kweli, alinyonya, alilia, alichafua nepi. Hapo kwenye nepi walicheka sana, nami nilipenda wakicheka.

Mwaka huo zamu ikaangukia kwa Shukuru, mtoto wa jirani yangu anayevusha karoti mpakani kwenda Goma kila asubuhi. Shukuru alizaliwa mdomo wa juu umepasuka hadi puani. Akinyonya, maziwa yanamtokea puani.

Siku ya mkesha mama yake alifika mapema. Amemvalisha nguo nyeupe, amempaka mafuta mpaka anang'aa. Nikamzuia mlangoni mwa sakristia.

"Mama Shukuru, mwaka huu tutaweka mdoli."

"Juu ya nini, mwalimu? Padri alisema ni Shukuru."

Ningeweza kutafuta neno lolote. Nikamwambia, "Kuna wageni, watapiga picha. Watu wanakuja kumwona Yesu, hawaji kushtuka." Ee Mungu wangu, na nilisema kwa sauti ya upole kabisa!

Alimrudisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge, akaenda kukaa benchi la nyuma. Padri nikamdanganya kwamba mtoto ana homa.

Nikalaza kwenye majani makavu mdoli wa plastiki niliyemnunua sokoni, macho ya bluu, nywele za njano. Misa ikaenda vizuri mpaka Nasadiki, sala ya kukiri imani. Kwenye Noeli, tukifika "akawa mwanadamu," kanisa zima linapiga magoti. Tukapiga. Katika kile kimya Shukuru akalia, kile kilio chake cha puani ambacho mtaa mzima tunakijua. Sikugeuka. Niliinamisha kichwa zaidi, watu wakadhani nasali.

Mwezi wa kwanza Shukuru aliugua mapafu, akafa.

Nilienda msibani nikijua nitafukuzwa. Mama Shukuru hakunifukuza. Alinisogezea nafasi kwenye mkeka, akasema polepole:

"Mwalimu, muganga wa hospitali aliniambiaka kama moyo yake pia iko na shida, hatakomaa. Mi sikukuwa na lazima ya picha. Nilitaka tu watu wamuangalie bila kugeuza uso, hata siku moja."

Nikaomba msamaha nikilia. Akasema, "Bon, imeisha." Lakini tangu siku hiyo kanisani hajakanyaga. Mimi ndiye niliyemtoa, nani mwingine?

Padri nimemuungamia, nimeondolewa dhambi. Kufundisha nimeacha. Kila Jumapili tukifika maneno yale ya Nasadiki mdomo wangu unajifunga, na ninakisikia kile kilio. Nakisikia hata nikiwa jikoni namenya viazi, redio imewashwa.

Juzi Mama Shukuru alipita kwangu kuomba moto. Akasimama kidogo mlangoni, akauliza, "Mwalimu, we ulikuwa jirani. Macho ya Shukuru, unaikumbuka? Mi nasema ilikuwa ya baba yangu, dada yangu anakatala."

Nikatafuta kichwani. Miezi yote ile, ukuta kwa ukuta, na nilichokuwa nacho ni ule mdomo tu. Nikamdanganya tena. Nikasema ndiyo, ya baba yako. Akafurahi, akaenda zake na moto wake.

Ninyi mnaotengeneza mapango mwaka huu, nawasihi: mtoto mtakayeletewa mpokeeni, na mwangalieni usoni kabla hamjasema neno. Siku mama yake atakapowauliza alikuwaje, muwe na jibu la kweli.