Plagi ya Samaki

Hasira yangu ya Jumapili ile haijaisha, na sitaki iishe kabla sijaiandika. Waliokuwepo sebuleni nawakumbuka wote, jina la kila mmoja na la baba yake, mpaka yule aliyekaa mlangoni soda ikamfikia mwisho. Siwataji. Nakutana nao kanisani, na wenyewe wanajijua.

Nyumba ni ya mwanangu, hapa Makole. Ofisi yake ilipohamishiwa Dodoma kutoka pwani, alikuja na vitanda, makabati na hamu ya bahari. Akanunua tangi la kioo, refu kama benchi la zahanati, akatia humo samaki wa baharini. Watu walimcheka. Sisi ambao mvua ikichelewa tunachimba mchanga wa korongo kutafuta maji, yeye anachukua maji safi anayatia chumvi kwa makusudi! Hata mimi nilimwambia maji ya hapa tayari yana chumvi, unaongeza ya nini? Akasema hiyo si chumvi ya bahari, Mama, samaki wangu hawaijui.

Nimekulia upande wa Gulwe. Kwetu maji mazuri ni yaliyotulia. Unachota kwa kata kwenye kisima cha mchangani, unamimina mtungini, unafunika, unaacha tope litue. Mtoto akitikisa mtungi anachapwa. Kwa hiyo siku mwanangu aliponionyesha vimashine viwili vya tangi lake, niliona kama ananifundisha utundu. Kimoja kinapuliza mapovu kutoka chini. Cha pili kinasukuma maji kutoka upande huu kwenda ule, na juu panakuwa na viwimbi muda wote, kama sufuria inayotaka kuchemka.

“Hawa wanavuta pumzi iliyomo ndani ya maji,” akaniambia. “Na pumzi inaingilia pale juu, maji yanapovurugika. Yakitulia, inaisha. Maji ya chumvi yanabeba pumzi kidogo kuliko ya mtoni, na joto likizidi inapungua tena.”

“Kwa hiyo havizimwi?”

“Havizimwi.”

“Hata mchana?”

“Mama, wewe mchana unaacha kupumua?”

Haya aliyasema mbele ya mke wake. Mke wake alikuwa anakunja nguo, akaitikia kwa kichwa. Nataka hilo lieleweke, asije mtu akasema hawakujua.

Kisha mwanangu akasafiri kikazi, safari ndefu. Mkwe wangu anatoka asubuhi kwenda kazini kwake, watoto shuleni, anayebaki nyumbani ni mimi. Samaki nikaachiwa mimi. Nikawatunza. Asubuhi kabla ya chai nasogeza kiganja juu ya maji nione kama yanakwenda. Ute wa kijani ukiziba mdomo wa kile kimashine cha kusukuma, nausugua kwa mswaki mkuukuu. Upepo wetu wa hapa unakausha maji, tangi linashuka, naongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu yanayopaa ni maji, chumvi haiendi popote. Chakula nawapa kidogo. Kinachobaki kinaoza, na uozo nao unakula pumzi. Alikuwepo mmoja wa bluu mwenye mkia wa njano, mwanangu alimpenda kuliko wote. Nikikaa kwenye kigoda changu anakuja kwenye kioo kunitazama upande mmoja, kama mtu asiyekuamini bado. Nilimpenda na mimi, sioni aibu kusema.

Sasa Jumapili hiyo. Mdogo wake mkwe wangu anaoa, na kamati ya harusi iliomba kukutana kwetu baada ya ibada. Sikukataa. Nani anakataa wageni? Ilikuwa kipindi kile cha joto kabla ya mvua, bati linalia lenyewe. Nikawa jikoni nje nachambua mchele wa pilau, wao ndani wanajadili ukumbi.

Nilipoingia kuulizia kama pilau iwekwe viazi, nikasikia kitu kimekosekana. Watu wanapiga kelele, feni inazunguka, lakini ule mvumo wa tangi haupo. Natazama tangi: limefunikwa kifuniko cha kioo, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, juu ya kitambaa zimepangwa chupa za soda. Limegeuzwa meza.

Dada mmoja aliyekaa karibu akanishika mkono. “Bibi, njoo uone, samaki wako wana adabu! Wote wamekuja juu kutusalimia.”

Walikuwa juu kweli. Midomo imebandikwa kwenye maji, matamvua yanapiga haraka haraka, kama mbuzi aliyekimbizwa.

“Hawasalimii mtu,” nikasema. “Wanakosa hewa. Nani amezima mashine?”

“Shikamoo, Bibi,” akasema mwenyekiti wa kamati, mwanamume mwenye suti ya kijivu. “Zilikuwa zinavuma, hatusikilizani. Tumalize hii ajenda ya ukumbi, tutaziwasha.”

Mweka hazina naye, kwa sauti ya asali: “Na simu yangu ilikuwa inazima, Bibi, na michango yote iko humo. Nimechomeka hapo kidogo tu.”

Kidogo! Soda zilishanywewa, ya kwanza na ya pili. Waya wa ekstensheni wenye plagi ya tangi ulikuwa nyuma ya kochi, na kochini wameshonana watu wazima watatu wenye miili yao. Tangi la mwanangu limenyimwa umeme ili simu inywe.

“Inukeni,” nikasema.

Wakacheka. Wallahi walicheka, nami si Mwislamu, lakini sina kiapo kingine kinachotosha.

Nikaacha kubishana. Nikashusha chupa sakafuni, nikavuta kitambaa, nikatoa kifuniko. Mezani palikuwa na jagi la juisi ya ukwaju, nikaimwaga kwenye sinki, nikalisuuza. Nikaanza kuchota maji ya tangi na kuyamwaga humo humo kutoka juu, kama unavyompoozea mtoto uji, ili yapige mapovu. Nachota, namwaga. Mkono wa uzee ule, bega linaniuma mpaka shingoni.

“Bibi anapooza uji wa samaki,” mmoja akasema.

“Mwache, huyo ndiye nahodha wa Gulwe.”

“Bibi, unajichosha. Hao hata kitoweo hawafai, ni miiba mitupu!”

“Na wewe je, unafaa kitoweo?” nikamjibu. “Mbona tunakuacha upumue?”

Hapo walicheka kwa upande wangu, lakini hakuna aliyeinuka. Tone likamrukia mwenyekiti. “Bibi! Suti yangu!” Nikamwambia itakauka. Wakapiga kura ya ukumbi huku mimi namwaga maji. Mikono waliweza kuiinua.

Mkwe wangu akanisogelea, akaninong'oneza, “Mama, unaniaibisha mbele ya ndugu zangu. Wageni hawafukuzwi kwa sababu ya samaki.”

“Sijafukuza mtu. Nimesema wainuke.”

“Basi wanamaliza, Mama. Vumilia.”

Nivumilie mimi, ambaye nina pumzi!

Waliinuka mwishowe, si kwa ajili yangu. Mwenyekiti alisema tusimame tufunge kwa sala. Kochi likabaki tupu. Wamefumba macho, yeye anaomba, anashukuru kwa pumzi tuliyojaliwa bure, na mimi nimepiga magoti nyuma ya kochi napapasa waya. Mungu anisamehe, sikusema amina. Nikachomoa simu, nikachomeka vimashine. Vikakoroma, vikatapika hewa, kisha maji yakaanza kwenda. Macho yakafumbuka kabla ya wakati.

“Bibi, umeichomoa!” akasema mweka hazina. “Haijajaa!”

Nilikuwa namtafuta yule wa bluu. Nilimwona kati ya mawe, kalala ubavu, mkondo unamsukuma naye hashindani nao. Wengine waliteremka mmoja mmoja, polepole. Yeye nilimtoa kwa kichujio cha chai. Wageni wakala pilau. Walikula vizuri sana.

Kabla ya jua kuzama mwanangu akapiga simu, kama afanyavyo kila Jumapili. Nilikuwa kwenye kigoda changu. Mkwe wangu akazungumza naye ya watoto, ya kikao, kisha akageukia dirishani. “Halafu pole, yule samaki wako wa bluu amekufa. Umeme ulikatika mchana wa leo, huku kwetu kote.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Hakuonekana kuona haya. Na ni kweli, kwa nchi hii huo ni uongo usioulizwa swali, kila mtu ameshausema kwa kitu kilichoharibika mkononi mwake. Lakini mwanangu aliuliza swali moja, akataka kuzungumza na mimi. Simu ilipokuja, mkwe wangu alinitazama usoni, macho yananisihi. Yeye ndiye anayenipikia nikiumwa. Nililijua hilo pia.

“Mama, umeme ulikatika?”

“Haukukatika, mwanangu. Ulikuwepo. Ulikuwa unachaji simu ya mweka hazina wa harusi, na mashine zako zilichomolewa kumpisha.”

Halafu akaniuliza waliobaki wako wapi kwenye maji, juu au chini. Nikaenda na simu sikioni nikainama.

“Wako chini, karibu na mawe. Wanaogelea kushindana na maji.”

“Asante, Mama. Nipe mwenzangu.”

Nikampa. Akaniashiria kwa kidevu kwamba niende nje, wazungumze. Nikarudi kwenye kigoda, nikakivuta hadi nyuma ya kochi, nikakaa mbele ya ile plagi, na sikutoka.