Turubai la Mjomba

Harufu ya turubai la nailoni lililolowa mvua kisha likapigwa jua hunichafua roho hadi leo. Nikipita madukani hapa Ukunda, pale maturubai yanapouzwa yakiwa yamekunjwa na kupangwa barazani mwa maduka, mimi huvuka barabara. Watu hudhani nina haraka. Sina haraka yoyote, nina hasira, na hasira yenyewe ni ya masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne, kwetu Munje. Hasira hasara, huniambia kaka yangu Hamisi. Hasara ilishaingia zamani, ndugu yangu. Hasira ilikuja baadaye kuangalia kilichobaki.

Mama yangu alikuwa na karavani. Ndiyo, ile nyumba ya magurudumu ambayo Wazungu huivuta nyuma ya gari. Mwenyewe wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kijerumani aliyeishi ndani yake kule Diani, na Mama akimfulia na kumpikia. Bibi yule alipochoka na jua letu alirudi kwao, akamwachia Mama karavani pamoja na jiko lake la gesi. Ikavutwa kwa trekta hadi kando ya barabara ya kwetu, na haukupita muda Mama akawa anauza mahamri na mbaazi za nazi kupitia dirishani. Alfajiri nilikuwa nikiamshwa na harufu ya iliki. Baba alikuwa ameshaoa kwingine na kutusahau, kwa hivyo sare zetu, unga wetu, hata mafuta ya taa, vyote vilitoka katika dirisha lile. Mama aliipangusa karavani yake kila jioni kwa kanga kuukuu, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Lakini paa lilikuwa limeanza kuvuja kwenye maungio, na ndani kuta zilikuwa za mbao nyembamba. Masika yalipokaribia, Mama aliamua kuijengea banda la makuti juu yake, pembeni wazi, upepo upite na biashara iendelee. Tulikaa uani tukisuka makuti, mimi na yeye, hadi vidole vikaniuma. Ndipo akaja Mjomba, kaka yake mkubwa. Kwetu sisi Wadigo mjomba si mgeni. Ndiye mwenye kauli juu ya dada yake na watoto wa dada yake, na akishasema, pamesemwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye makuti. Akacheka. "Nyumba ya bati unaiezekea makuti?" akamwuliza Mama. "Unataka watu waseme dada yangu anafuga mbuzi wa Kizungu?" Kesho yake alileta turubai la buluu, akaifunika karavani kuanzia paani hadi magurudumuni, akaikaza kwa kamba pande zote. Akamwambia Mama auzie barazani mpaka mvua iishe, naye akaenda zake Matuga kulima.

Mvua ilipiga, na barazani hapakuuzika kitu. Meza ililoa, wateja wakapita mbio, tukaanza kunywa uji usio na sukari. Kisha ikaanza harufu. Jua likitoka kidogo kati ya mvua na mvua, karavani ilikuwa ikitoka jasho humo ndani, na uvundo wa kuvu ukafika mpaka tulipolala. Mama alimtumia kaka yake salamu, akimwomba ruhusa afungue ipate hewa. Jibu likarudi: "Nimefunga mimi, nitafungua mimi." Siku moja Mama alichukua kisu cha jikoni akaenda kusimama mbele ya fundo la kamba. Bibi yangu mzaa mama akamshika mkono. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akamwambia. Mama akateremsha kisu. Haya, Mama alisikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa lake.

Mvua zilipokwisha Mjomba alikuja kufungua. Kuta zilikuwa nyeusi kwa kuvu, mbao zimevimba na kubanduka, na Mama alipotia mguu ndani, sakafu ikadidimia. Mjomba alitazama, akasema ni majaliwa ya Mungu. Mungu gani? Mungu hakufunga kamba! Na Mama, mama yangu, akamwambia ahsante kaka, akamletea maji anawe mikono. Kisha akarudi Diani kufua nguo za watu miaka yote iliyobaki, mpaka vidole vyake vikakataa kukunjika.

Mjomba alishafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mazishini nililia kama wengine. Leo binti yangu Riziki ana kibanda cha magurudumu hapa Ukunda, anauza viazi karai na sharubati. Juzi mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, alitujia nyumbani Hamisi, mjomba wake, mtu mwema asiye na hila, na turubai la buluu begani. Akamwambia Riziki afunge biashara, akifunike kibanda mpaka mvua ziishe. Riziki akanitazama. Kabla sijafungua kinywa, Mama aliinuka mkekani kwa shida, akaingia jikoni, akatoka na kisu akakitia mkononi mwa mjukuu wake.

"Akifunga, wewe kata," akasema.

Hamisi alicheka, akidhani ni utani. Alipomtazama mama yake usoni akalitua turubai chini, akamwuliza Riziki yeye mwenyewe anatakaje.