Siku ya Kuhesabiwa

Shangazi yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya vyumba vinne, na wanafunzi walimwita Bi Daftari, ila si mbele yake. Daftari la mahudhurio lilikuwa kwapani mwake mchana kutwa. Saa mbili kamili asubuhi anaita majina kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, na mtoto akiitikia angali uani, kachelewa huyo, hana cha kujitetea. Hata nyumbani tukikaa kula alituhesabu kwanza kwa macho, kana kwamba kuna mmoja wetu angetoroka na sufuria.

Siku hizo serikali ilitoa ruzuku ya shule kwa idadi ya vichwa. Mara moja kwa mwaka afisa elimu alipita darasa kwa darasa, akahesabu waliokaa kwenye madawati, na idadi ya siku hiyo moja ndiyo iliyoamua walimu, vitabu, na kama paa litazibwa. Wakiwa chini ya mia, shule inafungwa na watoto wanahamishiwa shule kubwa iliyo ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto. Aliyetunga kanuni hiyo, naapa, hajawahi kulea mtoto mwenye homa.

Shangazi alikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane. Wiki ya kuhesabiwa, tetekuwanga ikaingia darasa la kwanza. Mwanzo ilikuwa vipele kwenye shingo ya mtoto mmoja, kisha dawati lake zima, kisha darasa la pili. Muuguzi wa zahanati alisema wenye vipele wakae nyumbani wiki mbili. Jioni ya kuamkia hesabu, watoto waliorudishwa walikuwa thelathini na mmoja.

Nilimkuta shangazi ofisini akimalizia kuwaandikia wazazi barua. Mwalimu mkuu mwenzake wa tarafa jirani alikuwa amekaa juu ya meza, anatikisa miguu.

"Dada, acha ukaidi," alimwambia. "Waambie waje kesho na sweta za mikono mirefu, wakae saa moja tu. Au nikuazime wangu ishirini. Mimi nilishahesabiwa jana."

Kuazimana watoto ulikuwa mchezo wa kawaida wakati huo. Kila mtu aliujua, afisa mwenyewe pengine aliujua.

"Na hao wa kuazima nitawaita majina gani?" shangazi akauliza.

Yule bwana akacheka. Shangazi hakucheka.

Mimi nikaingilia, na ninalikumbuka hilo kwa uchungu. "Shangazi, legeza kamba kidogo. Ni saa moja tu."

"Wewe nenda kapige chapa," akanijibu, maana nina kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala. "Mtoto mgonjwa anakaa kwao."

Kesho yake afisa alihesabu themanini na saba. Shangazi alimwonyesha mahudhurio ya mwaka mzima na barua ya muuguzi. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, tena alionekana kumhurumia.

"Mama, nimetumwa kuhesabu vichwa. Karatasi hazihesabiki."

Muhula ulipoisha, shule ikafungwa. Lori lilikuja kuchukua madawati, na shangazi alisimama uani akielekeza wapakiaji wasivunje miguu ya meza. Baada ya hapo alistaafu, akawa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza watoto wanaendeleaje. Wakubwa waliizoea ile njia ya shule kubwa. Wadogo wengi hawakuiweza, wakabaki nyumbani. Mama mmoja alimwambia waziwazi kwamba hawezi kumvusha mtoto wa miaka saba barabara ya malori kila alfajiri kisha awahi kibaruani.

Ndipo alipoanza kuandika barua wizarani. Nilizipiga chapa zote kumi na nne, bure, nikinung'unika. Alichotaka kilikuwa chepesi kueleweka: kila shule ipewe kwanza kiasi cha msingi, kwa sababu mwalimu na paa havipungui mtoto akiugua, kisha kinachobaki kigawanywe kwa wastani wa mahudhurio ya mwaka mzima, na shule za watoto maskini ziongezewe. Walimpiga danadana miaka miwili. Nilimwambia anapoteza wino wangu. Mwishowe kamati ikamwita, ikampa dakika kumi, naye akatumia saba.

Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa. Yule afisa alikuja mwenyewe nyumbani na nakala ya waraka mkononi, anatabasamu kama mleta posa.

"Mama, haya ni maneno yako, karibu neno kwa neno."

Shangazi alisoma mara mbili, polepole. "Unaanza lini?"

"Mwaka huu."

"Na shule yangu?"

Kijana akainama. "Waraka haurudi nyuma, mama. Yale majengo sasa ni ghala la mbolea."

Akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimejaa furaha, nikaanza kupiga makofi. "Shangazi, umewashinda! Nchi nzima, shangazi!"

Alikaa kitini akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yangu, ambaye alikuwa kaka yake wa pekee. Sikujua niweke wapi mikono.

"Niliwarudisha nyumbani ili wapone," alisema. "Walipona wote, wiki mbili tu. Kumi na tisa kati yao hawakupata tena shule, bado wako nyumbani."

Nikataka kumwambia kwamba alifanya sawa. Akaniwahi.

"Ulisema saa moja tu," akasema. "Ningekusikiliza, mwanangu, leo wangekuwa wanajua kusoma."