Fundi alivyompigia Baba asikie AC

Leo fundi wa AC kampigia simu marehemu baba yangu. Simu ikaita kwenye mkoba wangu.

Mkitaka kucheka chekeni, mimi hata sijui.

Gari la Baba lilikufa klachi ya kompresa, ile inayogonga "tak" ukiwasha AC, ndipo ubaridi unaanza. Watu walimcheka. AC ya nini na baridi hii ya Iringa? Ila shamba lake la mpunga liko Idodi, na joto la kule si mchezo. Akaagiza klachi Mbeya. Ikachelewa.

Leo imefika, nikapeleka gari gereji, kule Mlandege. Fundi akaifunga, akawasha.

Tak.

Akafurahi kweli. "Ngoja nimpigie mzee asikie mwenyewe. Huyu alinisumbua sana."

Hapo ndipo ningesema.

Simu ikaita. Nikaitoa, nikaona "Fundi AC", nikapokea. Yeye upande ule wa boneti, mimi upande huu.

"Kamwene, mzee..." Akaniona na simu sikioni.

Nikamwambia humo humo kwenye simu, "Tulimzika Jumamosi."

Hakukata. Na mimi sikukata. Akasema, bado kwenye simu, "Pole sana, dada."

Akataka kuizima AC. Nikamwambia aiache.

Nimerudi nayo hadi nyumbani, vioo nimepandisha, nimevaa sweta. Nyie mngeipokea ile simu?

Mama kanishika mkono getini. "Mbona umepoa hivi?"

Nikasema ni AC.