Somoe Kwenye Ukoo wa Waskoti

Moshi wa korosho hausahauliki. Unawasha macho, unakereketa kooni, unaganda kwenye nywele hata ukioga mara mbili, na bado ukiusikia leo unatamani kuusogelea. Msimu ule nilikuwa darasa la nne, nikiishi Mikindani na bibi yangu mzaa mama. Kila alasiri aliweka bati juu ya mafiga uani akachoma korosho, nami nikazibangua kwa jiwe mpaka vidole vikawa vyeusi. Ndani ya moshi huo aliingia Mzungu mrefu, kabeba karatasi kubwa iliyoviringishwa. Jina lake Hamish, lakini mtaa ulishamwita Bwana Hamisi, na wazee walishamuuliza mbona hawamwoni msikitini.

Alikuwa Mskoti, na Kiswahili alikijua, kile cha vitabuni. Alikuwa akifuatilia ukoo wao, watu wa majumba na ardhi kubwa, waliooana na matajiri wenzao wa Ayalandi. Kaka wa babu yake aliwahi kusimamia shamba la mkonge huku kwetu, na karatasi ilisema alikufa bila mtoto. Wazee waliposikia hayo walicheka, wakamwelekeza kwetu. Bibi alikuwa na macho ya kijivu, na hakuna mtu Mikindani aliyehitaji kuelezwa yalikotoka. "Bila mtoto?" alisema, akiendelea kugeuza korosho. "Na mimi niliyekaa hapa ni jini?"

Bwana Hamisi alitandaza karatasi mkekani, tukaikandamiza kwa korosho isipeperuke. Akauliza mimi ni nani. "Mke mwenzangu," Bibi akajibu, kama bibi yeyote wa pwani anavyomtania mjukuu wake wa kike. Mskoti wa watu alinitazama kwa huruma, akaandika. Nilijiuma midomo nisicheke. Kisha akaandika jina la Bibi chini ya baba yake, na pembeni akaandika huku akisoma kwa sauti, "Mama hajulikani."

"Hajulikani na nani?" Bibi aliuliza.

Akaeleza kwa adabu kwamba kwao ukoo hufuata baba, na yule bwana hakuwahi kufunga ndoa. Bibi akaepua bati. Macho yale yalimletea maneno ya watu tangu utotoni, na nilijua jinsi alivyotamani kuwamo kwenye karatasi ile. Niliogopa ataikosa nafasi hiyo. "Sisi Wamakonde mtoto ni wa kwa mama yake," alisema. "Mama yangu ni Somoe binti Issa. Ndiye aliyemuuguza huyo babu yenu mpaka akafa. Mkataa kwao mtumwa, na kwetu ni kwa Somoe. Usipomwandika yeye, nifute na mimi." Bwana Hamisi akayakata kwa kalamu yale maneno aliyoandika, akaomba atajiwe jina polepole.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Siku hizi watu hutafuta koo zao kwa simu, wengine hata hutuma mate yapimwe, na binti yangu ameuona ukoo ule mtandaoni. Somoe binti Issa yumo, katikati ya mabwana wenye vyeo na wake zao. "Mama," akaniuliza, "huyu mke mwenza wa Bibi mwenye jina lako ni nani?" Nilicheka mpaka machozi. Alitaka kuwaandikia wasahihishe, nikamkataza; hapo aliniweka Bibi mwenyewe. Basi akauliza, je, yeye wakimwandika, njia yake ianzie kwa bwana gani?

"Anza na Somoe," nikamwambia, "halafu shuka."