Skii ya Baba na Mwanamke wa Ujiji

Mama yetu mdogo alikuwa na imani moja ambayo hakuna shehe wala padri angeweza kumwondolea: kwamba marehemu baba alikuwa na nyumba ndogo huko Kigoma, na kwamba ushahidi ulikuwa umelala uani kwetu Itetemia, tukiuanikia michembe ya viazi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa skii ya majini, ile ndefu ya kuvaa mguuni ukavutwa na boti juu ya maji. Ya faiba, nyekundu, mstari mweupe katikati, na raba mbili za kuingizia mguu, moja mbele ya nyingine. Baba alikuwa mhudumu wa behewa. Siku moja alirudi nayo kutoka Kigoma, mwisho wa reli, akasema kapewa na mzungu aliyekuwa anahama.

"Ya pili iko wapi?" mama akauliza.

"Nimepewa hii tu."

Mama akacheka, yakaisha. Kwa mdogo wake hayakuisha, hata baada ya baba na mama wote kufariki. "Mtu ana miguu miwili," alikuwa akituambia. "Nani anatoa zawadi ya kiatu kimoja? Cha pili kiko kwa mwanamke."

Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha pili, nikakaa kwenye cherehani ili wadogo zangu wale, na maneno hayo yalinisumbua. Kama kulikuwa na nyumba nyingine, basi nilikuwa na wadogo wengine mahali fulani, na sikujua kama nao wamekula. Nikaanza kuitafuta skii ya pili.

Ndivyo nilivyogeuka mkusanyaji bila kukusudia. Kumbe huku kwetu zimetapakaa. Waliokuwa wakiteleza bwawani Igombe na ziwani Kigoma waliondoka, skii zikabaki kujitafutia kazi. Moja niliikuta Usinge, kifuniko cha mzinga wa nyuki. Jozi nzima niliishusha kutoka kwenye paa la banda la kuku. Nyingine ilipakwa rangi ya njano, ikaandikwa CHIPSI MAYAI, ikasimamishwa kando ya barabara. Mwenye chipsi aligoma kuitoa mpaka nilipomshonea aproni na kumpa kibao kingine.

Mwanzoni nilidanganyika sana. Nilileta nyumbani kwa mbwembwe kitu kirefu chenye ncha ya kuchonga, wadogo zangu wakakipindua, wakakuta alama za pasi: kumbe ni ubao wa kupigia nguo pasi. Tangu hapo nikawa makini. Mbao ukiigonga inanung'unika. Faiba inalia kikavu, kama sahani. Rangi ya faiba haibanduki kwa ukucha, imeshikana na mwili wake. Na pale ukingoni ilipochubuka hutoa nyuzi nyeupe, ukizishika utajikuna mpaka jioni.

"Dada, wenzako wanakusanya vitenge," mdogo wangu anayenifuata alinitania.

"Wenzangu baba zao hawakuacha kiatu kimoja."

Halafu mteja wangu mmoja akanitumia picha kwenye simu, akiwa Ujiji. Skii nyekundu, mstari mweupe, imelazwa juu ya matofali mbele ya nyumba ikawa benchi. Juu yake ameketi mwanamke mtu mzima, mnene, anatabasamu.

"Ndiye!" mama mdogo akasema kabla sijaikuza picha. "Na ni mzuri. Alijua kuchagua, baba yenu."

Tukapanda treni. Mama mdogo alivaa baibui jipya, mimi nikabeba skii ya baba nimeizungushia kitenge. Abiria mmoja akauliza kama ni jeneza la nyoka.

"Ndiyo," mama mdogo akamjibu. "Tunampeleka kwa mkewe."

Ujiji yule mama aliitikia shikamoo yangu vizuri, akatukaribisha kwenye benchi lake. Mama mdogo akakataa kulikalia. Nikafungua kitenge, nikailaza ya baba kando ya ile. Zililingana urefu, zikalingana mstari, hata pezi la mkiani. Nikaanza kuchungulia mlangoni kama kuna mtu mwenye pua ya baba.

"Haya, jozi imetimia," mama mdogo akasema. "Watoto wako wapi?"

"Watoto gani?" mwenyeji akashangaa.

Mimi nilikuwa bado nimeinama. Ile jozi ya banda la kuku ina mikia mipana, na kila skii ina raba ya mguu mmoja. Hizi zilikuwa na mikia myembamba, na raba mbili mbili. Nikazihesabu kwa kidole.

"Mama mdogo, baba alikuwa na miguu mingapi?"

"Usinichezee."

"Raba ziko nne. Kama hii ni jozi, aliyeivaa ni mbuzi."

Nikavua ndala. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, yote ndani ya skii ya baba peke yake. Ikanikaa. Ilikuwa ya kuvaliwa miguu yote miwili, na haikuwahi kuwa na mwenzake.

Mama mdogo akafikiri. "Basi moja ya mwanamume, moja ya mwanamke. Waliteleza wote."

Mwenyeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi? Hata maji ya kuoga nayaogopa! Hii mume wangu aliiokota ufukweni. Mzee! Njoo, kuna wageni wameniletea talaka!"

Akatoka mzee mwembamba mwenye masikio makubwa ajabu, na nyuma yake vijana watatu wenye masikio yale yale. Kesi ikafa papo hapo. Mzee akazitazama skii mbili. "Mmeniletea ya pili? Vizuri, benchi lilikuwa jembamba."

Nilifurahi. Nikasikitika kidogo pia, maana nilikuwa nimeshawazoea wale wadogo zangu ambao hawakuwapo.

Tulikunywa chai, skii ya baba nikakataa kuiacha, tukarudi. Mama mdogo alihesabu vituo mpaka tulipokaribia Kaliua. Kisha akanigeukia.

"Na yale mashuka ya maua ya mama yenu? Baba yenu aliyapeleka kwa nani?"

"Yako kwako, mama mdogo. Unayalalia."

Akatazama nje ya dirisha. "Treni hii," akasema, "inakwenda polepole sana."